Mama Mkwe wa Redio Asiyetajwa Jina

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Katika ukumbi mmoja mjini Thika, Nakhumicha anamimina buni za kahawa ndani ya karai, polepole, kisha kwa kasi. Wiki ijayo wasikilizaji wa redio wataapa kwamba wamesikia mvua ikipiga mabati.

Mbele yake limetundikwa pazia la leso mbili. Upande wa pili yuko Jeconia, anayeigiza Tindi, mkwe mvivu katika kichekesho “Mgeni wa Jumapili”. Nakhumicha ndiye sauti ya mama mkwe aliyekuja kutembea siku moja, akakataa kuondoka.

“We Tindi! Hata kuku wako wamechoka kukuona umelala!” anafoka. Mafundi wa mitambo wanajiziba midomo.

Wasichojua wasikilizaji ni kwamba Jeconia ni mkwe wake kweli. Amemwoa Nafuna, binti yake wa kwanza. Kwao Wabukusu, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Ndiyo maana pazia lipo.

“Nikimtukana hewani, kesho yake namtumia ndizi kupitia kwa Nafuna, nimwombe radhi,” asema mama huyu wa miaka arobaini na sita, ambaye siku za kazi huchambua buni kiwandani Ruiru. “Naye akinijibu vibaya, hunitumia sukari. Kuna wiki zilikuja ratili mbili!”

Tangu mwaka 1957, vipindi thelathini na sita vimetangazwa. Mwisho wa kila kimoja husomwa majina ya waigizaji wanne, wote wanaume. Hata mpiga gitaa hutajwa. Nakhumicha, ambaye ni mama mkwe, mvua, mlango na mbuzi, huitwa “na wengine”. Wengine gani? Ni yeye peke yake!

Sasa hata nafasi hiyo wanataka kumnyang'anya. Mwezi ujao kichekesho kitachezwa jukwaani, na msimamizi wake, Nicanor, hataki pazia. Mama atoke amkabili mkwewe, au kilemba cha mama mkwe akivae mwanamume.

“Watu watalipa waone, Mama. Hawalipi kutazama leso,” anamwambia. “Mambo ya mila yaache nyumbani.”

“Na hayo maneno mnayochekea, baba, mliyatoa wapi kama si nyumbani kwangu?”

Nicanor anainamia karatasi zake. Mtu aivunje heshima ya ukoo wake ili ukumbi ucheke?

Ng'ambo ya pazia, Jeconia anakohoa. “Mwambieni mama, pazia likiondoka, mimi sipandi jukwaani.”

Mama hajaambiwa, lakini amesikia. Nakhumicha anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha anafungua kikapu na kutoa pazia jipya la kitambaa cheupe cha marekani, refu kutosha jukwaa zima. Nafuna amemchorea herufi kwa chaki, kila moja kubwa kama sahani, naye anazitarizi kwa uzi mwekundu upande utakaowaelekea watu.

“Si wanalipa waone?” asema. “Basi wataona jina langu.”

Amefika herufi ya nne. Zimebaki sita.