Oili Mpya Katika Pikapu ya Marehemu

Mume wangu alipofariki aliniachia shamba la kokoa, nyumba ya vyumba vinne na pikapu yenye umri mkubwa kuliko ndoa yetu. Pikapu hiyo alikuwa akiihudumia mwenyewe. Alimwaga oili iliyochakaa, akatia nyingine ya kawaida, ile nzito, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani kula.

Matanga yalipokwisha watu walirudi makwao. Sikulia. Niliamka, nikafagia, nikawapa kuku pumba, nikalala. Mdogo wake marehemu alikuja akaniambia, "Shemeji, gari hilo liuzwe tu. Litakusumbua." Nikamjibu kwamba nitafikiri. Sikufikiri. Nilikwenda mjini nikanunua oili ya sintetiki, ile ya bei kubwa ambayo marehemu aliishika dukani kila mara, akasoma maandishi yake, halafu akairudisha kwenye rafu. Kwa nini niliinunua, hata leo siwezi kueleza vizuri. Labda nilitaka kumtendea jema mtu ambaye hawezi tena kutendewa. Nilimwaga ya zamani kama nilivyomwona akifanya, nikatia mpya.

Injini ilitulia kuliko nilivyowahi kuisikia. Baada ya siku chache nikaona doa chini ya gari. Nikalimwagia mchanga. Wiki iliyofuata doa lilikuwa pana kama ungo. Nikalimwagia mchanga tena, nikaenda zangu shambani.

Wiki ya tatu mama mkwe alinipigia simu. Yeye ni mfinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, na vyungu vyake vilikuwa tayari kupelekwa sokoni. Nilimfuata, tukavipanga nyuma ya pikapu kwa majani makavu ya migomba ili visigongane, tukaondoka.

Tulipofika Ikolo, njiani kwenda sokoni, taa nyekundu ya oili ikawaka mbele yangu. Niliiona. Najua maana yake. Marehemu aliniambia siku ya kwanza aliponifundisha kuendesha kwamba taa ile ikiwaka, zima gari hapo hapo, hata kama uko katikati ya barabara. Niliiangalia kama mtu anavyoangalia nzi ukutani, nikaendelea kukanyaga mafuta. Injini ilianza kugonga.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "simamisha gari."

Nikasimamisha.

Tulikaa kando ya mashamba ya mpunga mpaka fundi alipofika kwa pikipiki kutoka Bondeni. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa kikavu. Akalala chini ya gari, kisha akatoka mgongo umejaa vumbi.

"Mama, uliweka oili gani?"

Nilimtajia.

"Oili yenyewe si mbaya. Ila ni nyepesi, tena inasafisha. Sili za injini hii, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zilikufa zamani, uchafu ndio ulikuwa unaziba. Sasa uchafu umetoka."

Mama mkwe akaguna. "Hata chungu cha zamani ukikisugua sana kinavuja," alisema. "Ungemuuliza mfinyanzi."

Fundi alicheka. Mimi nilijaribu kucheka, uso ukakataa.

Alitujazia oili ya kutufikisha kwake, akatufuata nyuma taratibu. Gari lilikaa gereji siku tatu. Alibadilisha sili ya mbele, ya nyuma na gasketi ya juu. Injini ilikuwa imeumia kidogo, lakini haikufa. Aliniambia naweza kurudia sintetiki nikipenda, maadamu sili ni mpya, ila nichague nzito inayofaa injini ya umri ule, na nipime kila wiki. "Ndaga fijo," mama mkwe akamshukuru kwa niaba yangu, maana mimi nilikuwa nimesimama tu.

Gari lilipotoka tulivifikisha vyungu sokoni, vikauzwa. Mama mkwe hakurudi ufukweni. Alisema atalala kwangu. Siku ya pili, tukiwa tunamenya ndizi jikoni, nilimwambia.

"Mama, ile taa niliiona mapema. Sikusimama."

Hakuacha kumenya. "Nilikuona ukiiangalia. Nilingoja nione kama utasimama mwenyewe."

Niliona aibu. Aibu ilinipanda shingoni ikanichoma masikio, na nikatambua kwamba tangu msibani hakuna kitu kilichokuwa kimenigusa namna ile.

"Vyungu vyako vingevunjika," nikasema. "Nawe ungeumia."

"Nilipofiwa na baba yake mumeo," akasema, "niliwasha moto wa kuchomea vyungu nikaenda kukaa ziwani. Sikumbuki nilikaa muda gani. Niliporudi vyote vimepasuka. Nikavitazama, nikaenda kulala." Akaniwekea ndizi nyingine mkononi. "Menya. Hizo hazitoshi."

Alikaa kwangu mpaka mpunga ukavunwa. Shemeji alipokuja tena na mtu wa kununua gari, mama mkwe ndiye aliyetoka mlangoni kumjibu mwanawe kwamba gari haliuzwi, na mimi nilibaki ndani, nakula.