Njia Ambayo Gervas Hakuiandika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gervas Chilumba anasimama kando ya mto nyuma ya Goba, anainua mkono, na watu tisa tunaomfuata tunanyamaza. Masika yamekatika juzi tu. Maji bado ni mekundu, majani yanadondosha umande, na juu ya mkuyu kundi la mbega linaota jua bila haraka.

"Msiwanyooshee vidole," ananong'ona. "Watazameni tu. Wao ndio wenyeji."

Editha, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ametoka Kurasini kukiwa bado giza ili aione asubuhi hii. "Mzee, mie nilidhani mbega mpaka uende mbugani," anasema. "Kumbe tunakaa nao mji mmoja!"

Gervas ana miaka sitini na mmoja. Kila Jumamosi huongoza matembezi ya kilomita saba kwenye msitu huu mwembamba, kwa shilingi elfu kumi kila mtu. Wiki za mvua kubwa hapati hata mtembezi mmoja. Siku zilizobaki huuza miche ya miti nyumbani kwake.

Kutembea naye ni kusimuliwa. Hapa mama yake, Yustina, alikuwa akiloweka muhogo. Pale baba yake, mchonga vinyago kutoka Masasi, alikuwa akinawa vumbi la mpingo kila jioni. Enzi hizo Goba ilikuwa bado wilaya ya Kinondoni, na ukimwambia mtu wa mjini unaishi Goba, alikuuliza kama simba hawawasumbui.

"Tulikuwaga tunalala tunasikia komba wanalia juu ya bati," anasema. "Siku hizi nasikia muziki wa singeli. Sina ugomvi na singeli, ila komba nawakumbuka jamani."

Leo maneno ni mengi lakini raha hana. Miongoni mwa watembezi yumo Bi Wahiba, mjane mwenye duka la vitambaa, aliyerithi kiwanja kinachoshuka hadi mtoni. Tofali zimeshamwagwa. Jumatatu mafundi wanaanza ukuta, na ukifika kwenye maji, njia hii itakatika katikati. Pa kuzungukia hakuna, ng'ambo ni korongo tupu.

Gervas alimwomba jambo moja tu: kabla hajajenga, atembee naye mara moja. Amekuja, ameitikia salamu, na sasa anatembea nyuma ya wote.

Kuna kitu asichokijua Bi Wahiba. Gervas ameninong'oneza kabla hatujaanza kutembea, macho yakiwa chini. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa dalali wa viwanja mwenye mwandiko mzuri, na hati ya mauziano ya kiwanja hicho aliiandika yeye. Mnunuzi, marehemu Khalil, mume wa Bi Wahiba, alipouliza mpaka wa chini ni upi, Gervas aliandika: mto.

"Njia niliiona. Nilikuwa nimesimama juu yake wakati naandika," aliniambia. "Nikaona njia si kitu cha kuandikwa. Njia ipo tu, nani ataigusa?"

Tunaingia ndani ya kiwanja. Gervas anachuchumaa mbele ya lundo la majani makavu, anatuashiria tusubiri. Dakika kadhaa zinapita. Kisha pua ndefu inachomoza, inacheza huku na huko, na mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo anakatiza miguuni mwetu mbio. Bi Wahiba anamkamata Editha mkono.

"Panya gani yule?"

"Sange, mama. Anaishi kwako. Nyumba yake ndiyo hiyo."

"Makubwa! Nina mpangaji na sijui!"

Tunacheka wote, isipokuwa Gervas. Anavua kofia.

"Bi Wahiba, ile hati yako niliandika mie. Njia ilikuwepo, nikaiacha. Kosa ni langu, wala si la marehemu."

Nilidhani mama huyu atakuja juu, na angekuwa na haki.

"Mume wangu alijua kuna njia?" anauliza.

"Alijua. Tulipita wote. Alivua viatu, akakaa kwenye lile jiwe karibu nusu saa anatazama ndege. Mie nawaza kamisheni yangu, yeye hana habari."

Bi Wahiba analitazama jiwe. Anaenda, anakaa, anapangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Hukuniambia, Gervas. Miaka yote nilijua alinunua ili auze. Na mie nikataka kujenga niuze."

Editha anageukia mtoni. Wengine tunajifanya tunafunga kamba za viatu.

Anaponyanyuka, sauti yake ni ya mwenye duka. Ukuta utaishia juu, kwenye nguzo ya umeme, na huku chini pabaki kama Khalil alivyopakuta. Ila maneno matupu hayataki tena. Jumatatu wakutane ofisi ya serikali ya mtaa, Gervas aiandike njia, mashahidi watie sahihi.

"Na mwandiko uwe uleule mzuri," anaongeza.

Saa nne tunatokea barabarani, suruali zimeloa hadi magotini. Gervas anapanga kupanda mikuyu arobaini pale mvua ilipobomoa kingo za mto, kabla ya vuli. Namuuliza, zaidi ya hapo, anatamani nini.

Anaikunja kofia mikononi kabla ya kujibu.

"Miaka yote hii nimekuwa naomba ruhusa kupita kwetu. Nataka yule atakayekuja wakati mie sipo, apite tu. Asinijue, wala asimwombe mtu."