Asubuhi Simu ya Mama Ilipozibwa

Mama hupika chapati nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, na oda huja kwa simu. Kila Jumamosi akina mama wa kanisa moja la mtaa jirani wa Donholm humpigia kabla ya saa nne kumwambia wanataka ngapi. Wasipompata huagiza kwingine, na hao ndio wateja wake wakubwa.

Jumamosi hiyo simu ililia mara moja ikakatika. Ikalia tena kutoka nambari nyingine, ikakatika. Kwetu mtu akikuflashi unampigia, maana huenda hana salio na ana jambo. Mama akaacha unga, akampigia wa kwanza.

"Mimi sijakuflashi," akajibu mwanamke mzee. "Simu alikuwa nayo mjukuu."

Hata hivyo wakasalimiana, wakaulizana hali ya mvua huko mashambani. Alipokata, flashi sita zilikuwa zimeingia. Akaanza kuwapigia hao nao.

"Wachana nao, mama," nikasema.

"Na kama ni msiba?"

Jirani yetu, fundi wa kompyuta, alikuwa mlangoni akingoja chapati zake. Akacheka.

"Mathe, umeshambuliwa; kuna watu wanataka usipatikane. Kompyuta za makampuni hufanyiwa hivi hivi. Haziibiwi kitu wala hazivunjwi. Zinabishiwa hodi za uongo kutoka mashine nyingi ambazo wenyewe hawana habari. Zikishughulika na hizo zote, mteja wa kweli anakosa nafasi."

"Sasa mimi nimekuwa kompyuta?"

"Tena yenye adabu kupita kiasi."

"Basi niizime."

"Ukizima umewamalizia kazi. Tafuta njia wasiyoijua."

Saa tatu ilikuwa imepita. Kila Jumamosi hupiga mwingine kati yao, kwa hiyo hatukuwa na nambari ya kuwapigia. Mama akanitazama. Mimi huona haya hata kuitikia hodi, lakini nilivaa viatu nikaenda Donholm kwa miguu, nikirudia sentensi moja njia nzima.

Katika ua wa kanisa mwenyekiti wao alikuwa ameshika simu.

"Si wewe ni wa mama chapati? Nimepiga mara nne, naambiwa anaongea na mtu. Ana maneno mengi leo? Nilikuwa naita yule mpika chapati wa Umoja."

Sentensi yangu yote ilipotea. "Ngapi?" nikauliza.

"Themanini."

Nilipogeuka kuondoka nikakumbuka Jumamosi ijayo. Nikarudi, nikamsomea nambari yangu polepole, tarakimu moja moja, nikamwomba asimpe mtu mwingine.