Ukili Ndani ya Kiota

“Kiota hiki kimejengwa kwa ajili ya anayekuja au anayeondoka?”

Swali hilo aliniuliza bibi yako, mwanangu, siku tuliyokwenda kwenye bustani ya sanamu kule upande wa Mangapwani. Namkumbuka amesimama juani, kanga ya pili ameikunja juu ya kichwa, ananitazama kama mtu anayetaka kujua kweli. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu si zamani, na niliamini hakuna swali duniani linaloweza kunishinda. Lile lilinishinda.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua mimi si mzee wa kukaa na kutoa nasaha, na wewe ndiwe unayewaambia watu kwamba khaloo, ndugu wa mama yako, hata kwenye hitima anauliza maswali. Lakini mtoto wa dada ni mtoto, na juzi umenipigia simu ukaniambia kwamba huendi chuo, utabaki Matemwe kwa sababu mama yako hana mtu. Ulisema kwa uhakika sana. Uhakika ule naujua. Niliwahi kuwa nao, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Babu yako alipofariki nilikuwa Dar, nimeshapata nafasi ya kusoma shahada ya pili. Nikarudi nyumbani Mlandege na begi moja. Nyumba yetu unaijua, pale juu ya duka la vitambaa, na ile ngazi nyembamba inayomfanya kila mgeni afike juu akihema. Mama alikaa eda, mimi nikamhudumia. Chuoni niliomba wanisubiri, wakakubali, lakini wakanieleza wazi kwamba hawatasubiri mara ya pili.

Katika eda ile mama alisuka ukili. Majani ya miyaa aliletewa kutoka shamba, akaipasua, akaisuka, na ule mkanda ukawa unarefuka na kuzungushwa, unarefuka na kuzungushwa, mpaka ukawa gurudumu kubwa kando ya kitanda. Hakusema unakwenda kuwa mkeka wa nani. Nilimuuliza akanijibu, “Mikono tu.”

Eda ikaisha. Wanawake wa mtaani wakaja, wakamwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamfukiza udi, wakamshusha ngazi mpaka chini barazani. Akakaa nao kidogo, akazungumza nao kidogo, kisha akapanda juu. Na huko juu ndiko alikobaki.

Siku zikapita, wiki zikapita. Sokoni alimtuma jirani. Harusini alipeleka zawadi na udhuru. Mtaani maneno yakaanza, kwamba Bi Mwanaidi amejiongezea eda ya pili. Na mimi, mwanangu, nikaanza kazi niliyoijua vizuri kuliko zote: kubishana.

Nilimletea hoja za dini, nikamwambia Mungu mwenyewe ameweka mwisho wa eda, wewe nani uuongeze? Nilimletea hoja za afya, jua, miguu, damu kutembea. Nilimuuliza, “Unaogopa watu watasema nini?” Nilimuuliza, “Unadhani baba angependa?” Nilimuuliza, “Unajua kama kukaa hivi ni ugonjwa?” Yeye aliendelea kuchambua mchele. Siku moja akainua macho.

“Mwanangu, wewe unauliza kama askari wa bandarini. Ushaona kilichomo kwenye mzigo, unataka mtu aseme tu.”

“Basi sema, mama.”

“Hujaniuliza.”

Nikaona ananipiga chenga. Nimeuliza maswali kutwa kucha, halafu naambiwa sijauliza! Nikamwambia siendi popote mpaka atoke. Akarudi kwenye mchele wake.

Ule ukili ndio uliotutoa. Jirani yetu alimjua mwanamke mmoja, Bi Salma, mchongaji, aliyekuwa akitafuta ukili mwingi wa kushonea kitu chake. Mama akautoa wote bila kuuliza ni kitu gani. Bi Salma alikuja mwenyewe kuuchukua, mwanamke mnene kidogo, vumbi la mbao kwenye nyusi, akapanda ngazi zetu huku akizilaani. Baada ya muda akarudi tena.

“Bi Mwanaidi, ukili wako nshaushona. Umebaki mwisho tu, na mwisho umenishinda. Nikiuachia unafumuka, nikiukaza unakunjana. Njoo unifungie.”

“Leta hapa niufunge.”

“Hauletiki. Umeshonwa ndani ya kitu kisichopita kwenye ngazi hii.”

Mama akamtazama. “Huko kwako hamna masanamu ya watu? Mimi sitaki kuingia mahali nikatazamwa na macho ya mbao.”

“Hamna chenye uso, Bi Mwanaidi. Natengeneza mbegu, magamba, majani, vitu hivyo tu.”

“Na kaa je?” nikaingilia. Kuna mtu alinisimulia kwamba ana kaa mkubwa wa jiwe. “Kaa hana uso?”

“Kaa nnamfanya mgongo tu,” akasema Bi Salma. “Uso nimemwachia aliyemuumba.”

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Mpaka leo sijui kama kweli mchongaji yule alishindwa kufunga ncha ya ukili. Nilishuku wakati ule, nashuku hata sasa, na nimekuwa na adabu ya kutomuuliza.

Tukaenda asubuhi, kwa gari ya jirani. Kushuka ngazi tulichukua muda mrefu, mama akisimama kila pahala kama anayekagua kuta. Mimi nilimtazama kwa pembe ya jicho huku nikihesabu siku, maana barua pepe kutoka chuoni ilikuwa imeshafika: nithibitishe kwamba naja mwezi ule, au nafasi apewe mwengine. Nilikuwa nimeshaandika jibu la kukataa. Bado sijalituma.

Sanamu ndogo zilikuwa ndani ya banda refu lililokuwa la kukaushia mbata, sasa limepakwa chokaa na kutobolewa madirisha. Palikuwa na kokwa la mkungu kubwa kama meza, limechongwa mishipa yake yote. Palikuwa na ua la mlangilangi la shaba, petali zimening’inia kama vidole vilivyochoka. Palikuwa na karafuu moja ya mti wa mwembe, imesimama kimo cha mtoto. Mama aliikaribia ile karafuu, akatazama huku na huku, akainamisha pua.

“Hainuki,” akasema.

“Ni mti wa mwembe, mama.”

“Najua ni mwembe. Nimejaribu tu.”

Mimi nilizunguka na maswali yangu. Hii inasema nini? Kwa nini kuchonga karafuu wakati shamba lina karafuu za kweli? Nani ananunua kokwa lisiloota? Bi Salma alijibu mawili matatu, kisha akaniambia nikachume mastafeli nyuma ya banda kama nina nguvu za ziada. Mama akacheka tena. Nikaona wananilia njama, lakini kicheko kile ningekinunua kwa mastafeli ya Unguja nzima.

Kisha tukatoka bustanini. Njia ya changarawe ilipita kati ya mawe ya matumbawe yaliyochongwa kama magamba ya kombe, na yule kaa mgongo mtupu, amejikita mchangani kama anayetaka kuchimba aondoke. Mwisho kabisa, chini ya mivinje, ndipo kilipokuwa kiota. Kimefumwa kwa fito za mvinje, duara, kirefu kuliko mtu, na mlango wa chini ambao lazima uiname. Ndani chote kimetandikwa ukili. Ukili wa mama, kutoka sakafuni mpaka juu, mviringo juu ya mviringo.

Mama alisimama. Akaweka mkono mdomoni.

“Cha ndege gani hiki?” akauliza.

“Nilianza na cha kunguru,” akasema Bi Salma, “nikaishia hapa.”

“Kunguru! Mimi nimekaa ndani muda wote ule nawasukia kunguru?”

“Kunguru naye ana watoto, Bi Mwanaidi.”

Hapo ndipo mama aliponigeukia akaniuliza lile swali. Kimejengwa kwa ajili ya anayekuja au anayeondoka? Nilitaka kusema ni sanamu tu. Nilitaka kusema swali lenyewe limekaa vibaya. Lakini alikuwa ananitazama akisubiri, mwanangu, hana jibu lake mfukoni, na nikatambua kwamba mimi sijawahi kumtazama mtu hivyo.

“Sijui,” nikasema.

“Na mimi sijui,” akasema, akainama, akaingia. Nikasikia sauti yake ndani: “Njoo, wewe.”

Nikaingia. Palikuwa na harufu ya miyaa, harufu ile ile ya chumba chake. Alikuwa ameshaipata ncha ya ukili na anaifunga kwa vidole, hatazami. Kukaa watu wawili mle ndani ni shida. Goti langu lilikuwa ubavuni mwake na kiwiko chake shingoni kwangu. Sikuwa na hoja. Nilikuwa nimechoka nazo. Nikamuuliza, bila kujua atasema nini:

“Mama, kwa nini hutoki?”

Vidole vikasimama.

“Uliporudi na lile begi,” akasema polepole, “ulilala chumbani kwako, mlango wazi, kama ulipokuwa mdogo. Kila ukiamka unakuja kunichungulia kama napumua. Nikajisemea, mtoto huyu ameondokewa na baba, yeye mwenyewe hayupo. Siku akirudi akapanda ngazi ile, akakuta mlango umefungwa na mimi sipo, atavunjika. Basi nikae, kila akirudi anikute.”

“Lakini mimi nimebaki kwa ajili yako!”

“Na mimi nimebaki kwa ajili yako.”

Tukatazamana. Nje nilimsikia Bi Salma akifagia mahali palipokuwa safi. Mama ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha chini kilichotikisa kiota kizima, na mimi nikalia, halafu na mimi nikacheka, na nadhani yeye naye alilia, lakini mle ndani mlikuwa na giza kidogo na sikuuliza.

“Hebu sogea,” akasema akijifuta kwa ncha ya kanga. “Hapa hatutoshi sote wawili.”

Akatoka yeye kwanza. Akasimama juani, akajinyoosha mgongo, akakung’uta kanga, kisha akainama mlangoni kunitazama.

“Mimi nshatoka. Wewe je?”

Jibu nililoliandikia chuo nililifuta pale pale bustanini, na nikaandika jengine. Siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka bandarini, kwa miguu, akisalimiana na nusu ya Darajani njiani, tukawa karibu tuchelewe boti.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana wewe umefanana na mimi kwa hili. Sikwambii uache kuuliza. Mtu akikwambia binti haulizi, muulize kwa nini. Ila angalia unauliza vipi. Yako maswali ambayo tunayapeleka kwa watu kama mizigo iliyofungwa tayari, tunataka wasaini tu. Mimi nilimpelekea mama maswali ya namna hiyo kwa miezi, na nikahesabu kimya chake kuwa ukaidi. Swali la kweli ni lile ambalo ukishaliuliza huna budi kunyamaza, kwa sababu hujui kitakachokuja.

Wewe unasema mama yako hawezi kubaki peke yake. Umemuuliza? Au umemwambia? Sikuagizi uende chuo, wala sikuagizi ubaki. Huenda kweli anakuhitaji, na kama ni hivyo, kubaki kwako ni kwema na mimi nitakuwa wa mwanzo kukutetea. Lakini dada yangu namjua. Anaweza kukaa kwenye shamba lake la mwani mpaka maji yamfike shingoni, asiseme kwamba amekaa kwa ajili yako. Mkae chini, siku asiyokuwa na haraka, umuulize anataka nini. Kisha usimsaidie kujibu. Huzuni ya mtu usiipe jina kabla yeye hajaipa, na mapenzi yako usiyafanye kufuli ukadhani ni ufunguo.

Bibi yako bado anakwenda Mangapwani. Mvua za masika huuozesha ukili, na kila zikipita yeye huenda akautoa uliooza akatia mpya, akigombana na Bi Salma kutwa nzima kuhusu kaa asiye na uso. Ukitaka kwenda naye, atafurahi. Mwambie mimi nimekutuma, atajifanya hakusikia.

Mungu akupe mlango wa kutokea usiouogopa, na mlango wa kurudia usiofungwa. Akuwekee mama yako, akupe masikio makubwa kuliko ulimi, na popote utakapolala, iwe Matemwe au ng’ambo ya maji, ulale ukijua unapendwa.

Limebaki moja. Miaka mingi baadaye, nimeshamaliza masomo na nimeshaanza kufundisha, mwenzangu mmoja anayechunguza ndege alinieleza jambo ambalo sikulijua siku ile bustanini. Ndege wengi hawalali viotani. Kiota ni cha mayai na makinda tu. Watoto wakishajua kuruka, hata mzazi aliyekijenga hukiacha, akaenda kulala tawini.