Kahawa Si Chakula, Nilijiambia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningefurahi zaidi kama ningeweza kuisahau. Nilikuwa kijana bado. Usicheke, hapa Kanazi mtu wa miaka hamsini ambaye shangazi yake yu hai ni kijana, na dukani anatumwa.

Nilikuwa napata choo chenye damu. Nikanyamaza miezi kadhaa, nikisingizia pilipili, mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka kumfuata kaka. Kaka yangu alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, naye alianza na pilipili hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Basi nikatoka nyumbani, jambo nisilolifanya bila sababu kubwa, nikaenda hospitali mjini Bukoba.

Daktari, binti mpole wa umri wa kifunguamimba wangu, alinieleza kwamba angepitisha mpira mwembamba wenye kamera njia ya haja kubwa, atafute vinyama vinavyoota utumboni, maana vingine vikiachwa hugeuka saratani. Akanionyesha mipira miwili. Wa kwanza ulitazama mbele tu.

"Utumbo una mikunjo, baba," alisema. "Kinyama kikijibanza nyuma ya mkunjo, huu unaweza kukipita, kama mtu anayepita shambani asione mkungu ulio nyuma ya majani makavu."

Wa pili ulivalishwa kofia laini mwishoni, yenye vidole vya mpira vya kufunua mikunjo wakati unavutwa kutoka.

"Nipe huo wa vidole," nikasema, kama mtu anayechagua shati.

Akakubali. Akanipa dawa ya kusafisha tumbo na sharti moja: kesho yake, siku nzima ya kuamkia kipimo, nisile chakula chochote, maji na chai ya rangi tu.

Hapo ndipo Uhaya wangu ulipojitokeza. Kwetu, mwanangu, chakula ni ndizi. Wali unaweza kuula sahani mbili ukaenda kulala ukilalamika kwamba hujala. Siku ile sikugusa ndizi, nikajisifu kwa kila aliyepita. Akaja jirani kunipa pole. Nikamtolea kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake, kama adabu inavyotaka, nami nikatafuna, kwani mgeni hatafuni peke yake. Akaja wa pili, na senene, panzi wetu watamu, wa kukaanga mkononi. Dawa nayo ilikuwa na chumvi mbaya, nikanywa nusu. Nilijiambia vile vidole vitamalizia kazi.

Siku ya kipimo nilizinduka kutoka usingizi wa dawa nikamkuta daktari amesimama kando yangu.

"Baba, ulikula nini?"

"Sikula kitu."

"Nimeona maganda ya kahawa na vipande vya senene."

"Waitu," nikamsihi kwa Kihaya, "hivyo si chakula."

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. "Vidole vinafunua mikunjo, baba, havifagii. Sijui kama una kinyama au huna. Itabidi turudie."

Nilirudi nyumbani nimeapa kutotoka tena. Shangazi akasikia, akaja kutoka Muleba. Hakuketi.

"Umemdanganya nani, yule binti au tumbo lako? Kaka yako aliona haya, tukamzika. Hao wageni uliowaheshimu watakuja kukuzika na wewe, na siku hiyo kahawa watatafuna bila wewe. Rudi. Safari hii nitakaa mlangoni mimi. Mgeni akija, nitatafuna naye."

Akakaa kweli. Nikanywa dawa yote, nikashinda chooni kutwa. Na daktari alikikuta: kinyama kama punje ya harage, nyuma ya mkunjo. Akakikata, kikapelekwa maabara. Majibu yalisema hakijawa saratani, ila ni cha aina inayogeuka. Nikamuuliza kama ule mpira wa kwanza ungekiona. "Pengine ungekipita," akasema. "Lakini kwenye uchafu ule, hata huu ungekipita."

Kwa hiyo mwanangu, usione haya kutaja kiungo kinachokuuma, hata kama daktari ni binti yako kwa umri. Ukipewa sharti, uliza maana ya kila neno, kwani neno moja lina maana moja hospitalini na nyingine nyumbani kwenu. Ukipewa dawa, imalize. Tafuta kifaa bora ukikipata, ila usikiachie kazi iliyo yako.

Mungu akujalie tumbo tulivu, ulimi usioficha maumivu, na mtu nyumbani wa kukukemea mapema.