Karatasi Pembeni mwa Skrini

Mpaka leo nikiona mtu anabonyeza kitufe cha F1 bila kusoma skrini, damu inanichemka.

Asubuhi ile walinipigia simu, mimi fundi wao wa kompyuta, kutoka kliniki moja ya wagonjwa wa sukari: seva imegoma kufunguka. Seva ndiyo kompyuta iliyobeba mafaili ya wagonjwa wote, nao walikuwa na mtindo wa kuizima kila jioni kwa kuogopa umeme wa usiku. Nikatoka kwangu Nguvumali mbio. Benchini nilimkuta bibi mmoja wa Pongwe, hana kadi. Kadi zilishakusanywa, wagonjwa wakaambiwa kila kitu kimo kwenye mashine. Kipimo cha insulini yake kilikuwa humo, na yeye hakukikumbuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu fanya hima. Sijala, nangoja sindano."

Nikaondoa kitambaa cha kufuma walichoifunikia, nikaiwasha. Seva ikiwashwa hujikagua kwanza: kumbukumbu, feni, saa, diski. Ikiona ubovu hulia na kuandika. Ikalia mara tatu, ikaandika kwamba diski zote mbili zimekufa. Diski hizo ni mapacha, moja ikifa nyingine inabeba mzigo. Nikafungua orodha ya makosa ambayo mashine hujiwekea. Diski ya kwanza ilikufa miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu, kila asubuhi, mashine ililia na kuandika: diski moja imekufa, ibadilishwe. Nakala nyingine ya mafaili haikuwepo popote.

Niliwawakia wahudumu. Sikujali bibi ananisikia.

"Mashine yawalilia miezi mitatu, nyinyi mnakunywa chai! Hamna macho? Hamna masikio? Kweli sikio la kufa halisikii dawa!"

Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa. Dada wa mapokezi alingoja nimalize, kisha akanyoosha kidole pembeni mwa skrini. Palikuwa na karatasi imebandikwa kwa plasta ya vidonda.

"Siye twafuata hiyo, fundi. Kila siku twabonyeza, yaendelea."

LIKIJA NENO LOLOTE, BONYEZA F1.

Ulikuwa mwandiko wangu. Niliiandika mwaka uliotangulia, betri ya saa ilipokwisha na mashine ikawa inalalamika kila ikiwashwa. Niliahidi kuleta betri mpya kesho yake. Sikuileta, na karatasi sikuibandua. Wao wakatii neno langu bila kukosa hata siku moja, na mimi nimetoka kuwatukana mbele ya wagonjwa. Nilijichukia.

"Imepona?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Faili lako limepotea. Daktari atakupima upya, mwanzo kabisa."

Akavitazama vidole vyake, ncha zimekuwa ngumu kwa kuchomwa.

"Miaka sita vyatobolewa hivi," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa watuwekea hayo mafaili?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.