Mninga wa Rabia

Adinani wa Narung'ombe alikuwa mpasua mbao hodari, na hakungoja kusifiwa na mtu. Yeye husimama juu ya gogo. Mwenzake Ignasi huwa chini shimoni, akivuta msumeno huku unga wa mbao ukimwingia machoni.

Katika ukoo wao, mbao za nyumba ya mpwa hutolewa na mjomba. Rabia, binti wa dada yake, alipochumbiwa na Yunusi, Adinani aliangusha mninga, mti ambao mchwa hawauli, akautia alama ya shoka na kutangaza mbele ya wakwe, "Huu ni wa Rabia."

Ndipo wakaja Wazungu wa mradi wa karanga, huko Nachingwea. Walitaka nyumba, ofisi na maghala, vyote kwa mkupuo. Bei ya mbao ikapanda kila mwezi, hata wanakijiji waliozoea milango ya mbao wakarudi kwenye majamvi. Siku moja lori likasimama kando ya shimo, dereva akauliza bei ya lile gogo lenye alama.

"Mzee, huo si wa Rabia?" Ignasi alisema kutoka chini.

"Kwani msitu umekwisha?" Adinani alimfokea. Alifoka kwa sababu alijua mininga ya karibu imekwisha. Akauza.

Kwa Rabia alipeleka mbao nyeupe za pembeni, zile za chini ya gome, chakula cha mchwa. Akamwambia ni nzuri. Rabia akapiga magoti kushukuru, na shukrani ile ikamchoma Adinani kuliko tusi.

Masika ya pili mchwa walikuwa wameshamaliza kazi. Paa liliinama, Rabia na mtoto mchanga wakahamia jikoni kwa mama yake. Adinani alianza kwenda shamba kwa njia ya kuzunguka. Alijiona mwizi, na alikuwa mwizi kweli.

Mwaka 1951 mradi wa karanga ukavunjika. Mbao zikarundikana shimoni, hakuna mnunuzi. Adinani akachagua mbao bora za mninga, akajitwika mwenyewe hadi kwa Rabia. Njia nzima aliona aibu: alikuwa anatoa sasa, mbao zilipokosa bei.

Alimkuta Rabia anakandika ukuta. Ignasi alikuwa amekwisha kumweleza yote. Rabia hakununa, wala hakupiga magoti. Alinawa mikono, akafungua pindo la kanga lenye fedha zake za ufuta.

"Ziweke pale, fundi," alisema. "Unauza bei gani?"

Tangu ajue kusema, alikuwa akimwita mjomba.